Moto Chini ya Kitanda

Nilisikia moto kabla sijaona chochote. Tulikuwa tumetoka kwenye jua la asubuhi, macho yamejaa mwanga wa barabara, na chumba cha Bibi kilikuwa na dirisha dogo ambalo alilizibia gunia kipindi chote cha baridi. Gizani humo moto ulikuwa unatafuna kuni polepole, kama mtu anayekula karanga huku akiwaza jambo lingine. Mlio mdogo, kimya, mlio mdogo tena. Nikajua kitanda kiko upande ule, maana moto wa Bibi ulikaa chini ya kitanda tangu nilipoanza kumjua.

Mama alitangulia. Alinyoosha mkono gizani kama mtu anayetafuta kiberiti katika nyumba aliyozaliwa, akamgusa mama yake shavuni.

“Ana joto,” akaniambia. “Amelala.”

Akamwita. Akamwita tena kwa Kimwera, kwa sauti ile ambayo kwetu Nachingwea haitumii kamwe, sauti ya mtoto anayerudi kutoka kisimani. Macho yangu yakaanza kuzoea. Nikaona kanga, nikaona kidevu kimeinuka kidogo, nikaona mikono miwili imelala juu ya tumbo kwa adabu. Mama akaweka kiganja chake juu ya kifua cha Bibi, akakiacha hapo muda mrefu, akisubiri kisukumwe. Hakikusukumwa.

Kijijini kwa Bibi, huko kata ya Nambilanje, mwanamke akifariki anaitwa rafiki mmoja wa Bibi, aliyechezwa unyago pamoja naye. Ndiye aliyewaosha wanawake wote waliofariki pale kwa miaka mingi, na sisi tulimwita Bibi vilevile, lakini hapa nitamwita mwosha ili msimchanganye na marehemu. Alifika amejifunga kanga kiunoni, akatutoa nje wote wawili. Mlango wa chumba kile ulikuwa mzito, umelegea bawaba, na ili uufunge ilibidi uunyanyue kidogo kwa mguu. Nilimsikia akiunyanyua, akaufunga, tukabaki barazani na kuku.

Mama aliketi ameshika shavu lake kwa kiganja kilekile alichomgusia mama yake. Watu walianza kuingia uani. Kila aliyempa pole, Mama alimjibu sentensi moja, kwamba alikuwa bado ana joto. Hadi jua lilipopanda sentensi ile ilikuwa imeota mkia.

“Alikuwa bado ana joto, na mimi nilikuwa stendi nakunywa chai.”

Ilikuwa kweli. Siku iliyotangulia, jirani mmoja alitupigia simu. Ni mke wa mfugaji, mmoja wa watu waliokuja na ng'ombe kutoka Kanda ya Ziwa wakajenga ng'ambo ya bonde. Mwanzoni wenyeji hawakuwapenda kwa sababu ya ng'ombe kuingia kwenye mbaazi, lakini Bibi alikuwa mtu wa kupenda maziwa, na urafiki wao ulianzia kwenye kibuyu. Mwanamke yule alisema Bibi amedhoofika na anamtaka binti yake. Jioni ilikuwa imeshafika, gari la kutufikisha kule halikuwepo. Mama akasema tutakuja kesho.

Tuliondoka Nachingwea alfajiri. Tulipofika Ruangwa, kijana wa bodaboda alikuwa tayari, ameshapangusa kiti kwa kiwiko. Mama ndiye aliyeiona meza ya mama muuza chai. Akasema akipanda pikipiki na tumbo tupu ataanguka njiani, na kijiji kizima kitapata wagonjwa wawili. Akanywa kikombe kimoja, chenye tangawizi nyingi. Baridi ilikuwa kali. Akanywa cha pili. Yule kijana alichuchumaa kando ya pikipiki yake akicheza na simu, wala hakutuharakisha. Ilikuwa chai ya kawaida kabisa, ya watu walio safarini.

Watu msibani walijaribu kumfariji. Mmoja alimwambia, “Alikuwa anakusubiri wewe tu, mwanangu.” Mwingine naye akasema hivyohivyo, na mwingine. Walisema kwa wema. Nilimwona Mama akiipokea sentensi ile kila mara kama mtu anayepokea mzigo ambao hawezi kuukataa kwa kuwa umeletwa na mgeni.

Binti ana haki ya kumwosha mama yake, na Mama alitaka. Lakini machozi yake hayakukatika, na mwosha alimshika mabega, akamwambia kwa upole akae. Kabla ya adhuhuri mimi nilipewa kazi ya maji. Nilipeleka ndoo hadi kwenye pazia la kanga nyuma ya nyumba, mkono mmoja ukatoka, ukaipokea, ukarudi. Nilisikia maji yakimwagika juu ya Bibi na kuanguka ardhini. Nilisikia mwosha akiwaelekeza wenzake wawili, mgeuze hivi, mshike hapa, kwa sauti ndogo kama anaongea na mtoto anayeoga. Kisha nikamsikia anasugua. Alisugua mahali pamoja kwa muda mrefu. Akaacha. Akaomba sabuni iongezwe, akasugua tena. Halafu ikawa kimya, na nikamsikia akiwaambia wenzake wageuke nyuma, atamalizia mwenyewe.

Alipotoka, mikono yake ilikuwa imekunjamana kwa maji na uso wake umefungwa. Alimwendea Mama akamwambia amemwosha vizuri, ametoka kama bibi harusi. Hakuongeza neno, na hakuna aliyemwuliza, maana mwosha haulizwi. Anachokiona kwenye mwili wa maiti kinafukiwa naye. Akiona jema anaweza kulisema. Akiona aibu anaifunika, na yeye pia atafunikiwa siku yake. Sote tulilelewa tukijua hivyo.

Tulimzika Bibi alasiri hiyo, kwenye udongo ule mwekundu unaoshika nyayo za viatu hadi Ruangwa mjini.

Nyumbani Nachingwea, Mama aliacha chai. Hakutangaza. Asubuhi alichemsha maji, akaninywesha mimi, yeye akakoroga uji, na mchana alisema hajisikii. Mama yangu ni mtu aliyekuwa akinywa chai hata wakati wa joto la kutisha, akipuliza na kulalamika na kunywa. Sasa birika lilikaa kama chombo cha mgeni. Siku moja shangazi alikuja, akammiminia bila kuuliza. Mama akakiangalia kile kikombe mpaka kikapoa.

“Nimemkosa kwa kikombe kama hiki,” alisema baadaye, tulipokuwa tunakunja nguo. “Aliniita, na mimi naongeza tangawizi.”

Nilimwambia hajui kama aliitwa. Akasema mtu akikutwa ana joto hivyo, amekufa sasa hivi. Ni kama ameingia chumba cha pili.

Mimi pia nilikuwa nimemgusa Bibi, mkononi, na mkono ulikuwa na joto.

Jibu lilikuja wakati sikuwa ninalitafuta. Nilikuwa naandika riwaya, na katika sura ya nne mkulima mmoja anakutwa amekufa shambani chini ya mikorosho. Nilitaka mtu anayefika pale aweze kusema amekufa lini. Katika kikundi chetu cha wasomaji na waandishi hapa Nachingwea tuna tabibu mmoja wa hospitali. Mashairi yake ya mapenzi ni mabaya sana, na analijua hilo, na hajali. Nilimkuta mgahawani anakula wali maharage.

“Umemuua nani?” aliniuliza, baada ya kusikia swali langu.

Nikamwambia ni mkulima, na alistahili.

Akacheka, akasogeza sahani. Kisha akabadilika, kama wanavyobadilika watu wanapoanza kusema jambo wanalolijua kwa mikono. Alinieleza kwamba mwili hupoa taratibu hadi ulingane na mahali ulipo, ila unapoa upesi kwa mtu mwembamba na polepole kwa mnene, upesi sakafuni na polepole chini ya blanketi. Kisha unakakamaa, kuanzia taya na shingo kushuka chini, halafu baada ya muda mrefu unalegea tena wenyewe. Alisema kuna wanaodhani mtu aliyekakamaa amekataa kufa, kumbe ni misuli tu imeishiwa nguvu. Na ipo damu. Moyo ukisimama, damu haina tena wa kuisukuma, inateremka kuelekea upande wa chini, kama maji yanavyolitafuta bonde. Aliyelala chali, mgongo wake unageuka rangi ya zambarau. Mwanzoni ukibonyeza kwa kidole rangi inakimbia, halafu inarudi. Muda ukipita inagoma kukimbia.

“Ila usimwandike mtu anayetaja saa kamili,” alisema. “Hao wako kwenye filamu. Sisi tunasema jioni, tunasema usiku, tunasema asubuhi, na hapo napo tunaomba Mungu.”

Nikamwuliza, nikiwa bado na kalamu mkononi na mkulima wangu kichwani, ni nini kinachowadanganya zaidi. Akasema joto. Joto la nje. Mtu akifia karibu na jiko, mkono wako utakuapia kwamba amekufa sasa hivi.

Kalamu ilisimama. Nilisikia tena ule mlio mdogo wa kuni gizani.

Wazee wetu wote hulala hivyo wakati wa kipupwe. Kitanda cha kamba, moto chini yake, na asubuhi nguo zote zinanuka moshi. Bibi alifanya hivyo, na mama yake Bibi. Mama yangu alikulia juu ya moto ule. Ndiyo maana hakuna hata mmoja wetu aliyeukumbuka. Tuliingia chumbani, tukausikia, tukaota joto lake, tukamgusa marehemu, na hatukuuweka kwenye hesabu, kama ambavyo huwezi kulihesabu paa.

Nikamweleza tabibu yote. Aliacha kula.

“Alilalia nini?”

Nikamwambia kamba na kanga iliyokunjwa. Mama alimnunulia godoro, lakini alilikataa, akisema linammeza. Lilisimama ukutani limeviringishwa.

Akafikiri. Akasema kwa moto ule joto halina maana, na hata kukakamaa moto hukuharakisha, kwa hiyo nako asingekuamini sana. Ila mgongo. Kama mgongo ulikuwa umeshika rangi na rangi imegoma kukimbia, basi Bibi alikuwa amelala vile muda mrefu, si muda wa chai. Na pale mwili unapoegemea kitu damu haiingii, panabaki peupe. Mtu akilalia mkeka utauona mkeka. Akilalia kamba utaziona kamba.

“Nani alimwosha?” aliuliza. Kisha, kabla sijajibu, akaniinulia kidole. “Usimwambie mama yako kitu kwanza. Mimi sikuwepo. Huenda mgongo ulikuwa safi, na ikawa kweli alifariki asubuhi ile. Utampa kitu halafu umnyang'anye.”

Nilikaa na maneno hayo hadi arobaini. Nilimtazama Mama akinywa uji, na kila mara nilitamani kusema, na kila mara niliuona mgongo safi.

Arobaini ilifanyika kijijini. Ufuta ulikuwa umeshauzwa, mikorosho imeanza kutoa maua, na harufu yake ilikuwa uani kote. Hitima ilisomwa, watu wakala pilau. Mke wa mfugaji alikuja na maziwa, akakaa pembeni kidogo ya wanawake wengine hadi Mama alipomwita na kumkalisha karibu yake. Nikamwuliza kwa sauti ya chini nani aliyewasha moto jioni ile. Akasema ni yeye. Alileta maziwa wakati jua linazama, Bibi akanywa nusu kibuyu, akamwomba atie gogo kubwa maana mifupa inauma.

“Nikamwambia dada anakuja,” alinieleza. “Akasema najua, kesho. Akaniambia nivute mlango.”

Mwosha alikuwa nyuma ya nyumba, anasafisha masinia kwa majivu. Alikuwa amekonda. Tangu msiba watu walisema anaumwa, na wengine walisema ni uzee. Nilichukua sinia nikaanza kusugua naye, na aliponiona alijaribu kunitania kama zamani.

“Mwandishi, mume bado? Au umeolewa na kalamu?”

Nikamwambia kalamu haipigi wala haiombi chakula usiku. Akacheka kidogo, kicheko kikaisha upesi.

Nilimwuliza kuhusu mgongo wa Bibi. Nililiuliza vibaya, moja kwa moja, kama mtu wa mjini. Mkono wake ukasimama juu ya sinia.

“Hayo hayaulizwi, mjukuu wangu.”

“Najua, Bibi. Nisamehe.”

Tukasugua. Sikutaka kumvunja mwanamke yule katika jambo ambalo alilishika maisha yake yote. Basi nikaacha kuuliza, nikaanza kusimulia. Nilimwambia nina rafiki tabibu, anasema mtu yeyote akifariki damu yake inashuka chini. Anasema mgongo unakuwa na rangi ya zambarau, kwa mwema na kwa mwovu, kwa shehe na kwa mlevi, na haitoki kwa sabuni.

Hakuinua macho.

“Hata mtoto mchanga?” aliuliza baadaye.

“Hata mtoto mchanga.”

Aliokota majivu, akayaacha yaanguke. “Na kama amelalia kamba?”

Nikasema, “Pale penye kamba panabaki peupe. Damu haiwezi kuingia. Utaona mistari.”

Sinia lilimtoka mkononi likazunguka kwenye udongo na kulala. Akafunika uso wake kwa kanga, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa analia, lakini ndani yake mlikuwa na kitu kingine, kama kicheko kilichokosa njia.

Alinieleza huku ameshika mkono wangu wenye majivu. Walipomgeuza Bibi aliona rangi, akadhani ni kanga mpya imemchujia. Akasugua. Akabonyeza kwa kidole, rangi haikusogea. Na katikati ya weusi ule ilikuwepo mistari myeupe, mistari mgongo mzima, kama mtu aliyechapwa viboko.

“Nikasema, Mungu wangu, malaika wamemwanzia adhabu hapa hapa,” alisema. “Hata kaburini hajafika.”

Ndipo alipowaambia wenzake wageuke. Alimvisha sanda haraka ili asionwe, akaifukia siri ile. Na tangu siku hiyo kila usiku alimwombea msamaha rafiki yake bila kujua kosa. Alijiuliza Bibi alifanya nini. Wamekua pamoja, wamechezwa pamoja, wamelima mashamba yenye mpaka mmoja, ni dhambi gani aliyomficha hadi ikaandikwa mgongoni? Alianza kuyapitia maisha ya rafiki yake kama mtu anayepekua nguo za marehemu. Alikumbuka ugomvi wao wa zamani juu ya jogoo, akamsamehe upya, kama itasaidia.

“Kumbe ni kitanda,” alisema. Akafuta pua. “Nilimwambia mara ngapi alalie godoro? Kichwa kigumu yule.”

Kisha akaniuliza kwa nini nilitaka kujua, na nikamweleza kuhusu chai.

Hakuwa amejua. Alikuwa amezama katika msiba wake mwenyewe hata hakusikia sentensi ya Mama na mkia wake. Akasimama, akajifunga kanga upya, kwa nguvu, kama siku ile alipoitwa.

“Aibu ndiyo inayofichwa,” alisema, zaidi kwa nafsi yake. “Hii si aibu.” Akaanza kutembea, nami nikamfuata.

Mama alikuwa chumbani kwa Bibi anapanga vitu. Gunia la dirishani lilikuwa limetolewa na mwanga ulikaa juu ya kitanda kitupu. Mwosha alimwambia akae, akakaa pembeni ya kitanda, kamba zikalia. Kisha mwosha akamweleza. Alieleza kwa mikono, akionyesha kwenye mgongo wake mwenyewe, rangi ilipokuwa, mistari ilipopita, na jinsi alivyobonyeza bila kitu kusogea. Alipokwama alinitazama, nami nikaongeza ya tabibu.

“Mwanangu,” alimaliza, “ulipokuwa stendi, mama yako alikuwa ameshakwenda. Alikwenda usiku, usingizini. Hata ungeruka kama ndege usingemkuta.”

Mama alitikisa kichwa. “Mama, nilimgusa mimi. Alikuwa na joto.”

Mke wa mfugaji alikuwa ameletwa mlangoni na sauti zetu, ameshika kikombe. Alisema kwa aibu kwamba gogo alilitia yeye jioni, gogo gumu, na alipokuja kulitoa baada ya mazishi bado lilikuwa na moto ndani.

Mama aliinama, akatazama chini ya kitanda. Yalikuwepo mawe matatu meusi na majivu ya zamani. Alitia mkono kati ya kamba, akauacha uning'inie hapo palipokuwa na moto. Nilijua anachokipima. Nilikuwa nimetumaini atafurahi, kwa namna watu wanavyofurahi kufutiwa kosa. Uso wake ulikuwa mtupu.

“Kwa hiyo hakuniita?”

“Hakumwita mtu,” mwosha alisema. “Mikono yake niliikuta juu ya tumbo. Anayeita hailazi mikono hivyo.”

“Alisema utakuja kesho,” mke wa mfugaji akaongeza. “Hakuwa na wasiwasi, dada.”

Mama akageuza kiganja chake, kile cha kulia, akakitazama kama kimeandikwa. Sauti yake ilikuwa ndogo sana.

“Basi lile joto halikuwa lake.”

Mimi sikuwa nimelifikiria hilo. Kwa siku zote hizi, pamoja na uchungu wake, alikuwa ametunza kitu kimoja, kwamba alimgusa mama yake akiwa bado wa moto, na sasa tulikuwa tumeingia watu watatu kumchukulia. Mwosha akakaa karibu naye kitandani. Akachukua kiganja kile, akakifumba ndani ya mikono yake miwili iliyokunjamana.

“Lilikuwa lake,” alisema. “Moto alitaka mwenyewe. Kamba alisuka mwenyewe. Alilala na joto lake, na wewe ukalikuta.”

Mama alilia. Alilia tofauti na siku ya msiba, bila maneno, na kwa muda mfupi, kama mvua ya mchana. Alipomaliza alijipangusa, akavuta pumzi, akaona kile kikombe mkononi mwa mke wa mfugaji. Ilikuwa chai ya maziwa.

“Hiyo ya nani?”

“Nilimletea mama mwosha.”

“Ana meno ya kunywea?” Mama aliuliza, akanyoosha mkono. Akanywa kidogo, akakunja uso, akasema haina sukari. Akanywa tena.

Jua lilipoanza kushuka, wageni walikuwa wameondoka na mwosha naye akaaga. Mama alimwambia achukue chochote cha rafiki yake anachokitaka. Tulidhani atachagua kanga au kibuyu. Aliangalia chumba chote, akaenda ukutani, akalipigapiga lile godoro lililoviringishwa.

“Hili,” alisema. “Siku yangu ikifika sitaki mtu anisugue bure.”

Mama alicheka mpaka akashika ubavu. Tukamtwisha godoro kichwani, likawa kubwa kuliko yeye, tukaona miguu tu na pindo la kanga. Alipofika mlangoni ilibidi ageuke upande, godoro likakwama, likapita. Tulimsikia upande wa pili akihema na kuongea na Bibi kwa Kimwera, kitu kuhusu ubishi. Kisha mguu wake ukaunyanyua ule mlango kidogo, kama ilivyotakiwa, na akaufunga.